Anayejifunza Kithai kwa kamusi za mtandaoni aanze na hati yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala unaoendelea kuhusu wafanyabiashara na vijana wa hapa Mombasa wanaojifunza lugha za Asia kwa simu zao. Wapo wanaodai kwamba Kithai hakijifunziki pasipo mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, na kwamba kamusi za mtandaoni ni za kumalizia bando tu. Mimi ninauza nguo za kike Biashara Street, na kazi hii imenilazimu kujifunza Kithai cha sokoni, kwa kuwa sehemu ya mzigo wangu hutoka Pratunam, lile eneo la Bangkok ambako nguo huuzwa kwa jumla. Nionavyo mimi, kamusi hizo zinaweza kumfikisha mtu mbali sana. Kasoro ni namna tunavyozitumia: tunalisoma neno lililoandikwa kwa herufi za Kilatini pembeni ya kidahizo (neno linaloelezwa), tunalinakili daftarini, na hatuitazami hati ya Kithai yenyewe, yaani herufi zao, wala hatubonyezi kitufe cha sauti.

Nimelipitia daftari la mwenzangu mmoja wa duka jirani, lililojaa maneno aliyoyakusanya kwa bidii kutoka kwenye simu. Neno khao lilikuwa limeandikwa humo mahali pengi, kila mara likiwa na maana nyingine: wali, habari, rangi nyeupe, kuingia, mlima, goti. Wala hakuwa amenakili vibaya. Utaratibu rasmi wa Thailand wa kuandika Kithai kwa herufi za Kilatini, ambao ndio unaotumika kwenye vibao vya barabarani na katika majina ya miji, hauonyeshi toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, wala hautofautishi irabu ndefu na fupi. Kwa hiyo maneno hayo yote, ambayo masikioni mwa Mthai kila moja lina sauti yake, huishia kuandikwa khao. Utaratibu huo unamsaidia mgeni kusoma kibao cha kituo cha treni, na kwa kazi hiyo unafaa. Kumfundisha mtu kutamka ni jambo lisilo katika uwezo wake.

Kwa sisi watu wa Pwani kuna mtego mwingine ambao sijaona ukitajwa. Tumezoea kuandika th katika thamani na thelathini, na kh katika Khamis na sabalkheri, na tunapoziona herufi hizo katika neno la Kithai ulimi unakwenda moja kwa moja kwenye sauti tulizozipokea kutoka Kiarabu. Kithai hakina sauti hizo. Th yao ni t yenye mpumuo, yaani inayofuatwa na pumzi, kh yao ni k yenye mpumuo, na ph, ambayo aliyesoma Kiingereza huitamka kama f, ni p yenye mpumuo. Ndiyo maana jina la kisiwa cha Phuket halianzi kwa f. Ajabu yake ni kwamba mpumuo wenyewe si mgeni kwetu hata kidogo. Mzungumzaji wa Kimvita hulitofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni, na kaa la moto na kaa wa baharini, kwa ile pumzi inayofuata p au k, ijapokuwa maandishi ya Kiswahili Sanifu hayaionyeshi tofauti hiyo na wanafunzi wetu wengi hawaambiwi kwamba ipo. Sasa katika Kithai kuku na yai hutofautiana kwa pumzi hiyo hiyo peke yake: toni ni moja, irabu ni moja, ila kuku ana k kavu na yai lina k yenye mpumuo. Tena konsonanti za Kithai, ambazo ni 44, kila moja huitwa kwa jina la kitu, na mbili za kwanza ni k ya kuku kisha kh ya yai, kwa hiyo anayeianza hati kwa utaratibu wake anakutana na somo la mpumuo kabla ya jingine lolote.

Nayasema haya kwa sababu baadhi ya kamusi za mtandaoni, kwa nia njema kabisa, zimejiundia tahajia ya kumsaidia msomaji wa Kiingereza. Humo kuku huandikwa kwa g, na neno la kwenda huanza kwa bp. Mwingereza akiiona k au p mwanzoni mwa neno huipa mpumuo bila kujijua, na tahajia hiyo inamzuia asifanye hivyo. Kwetu sisi ni hasara tupu, kwani Mswahili akiiona g ataitamka kama ya gari, sauti ambayo haimo katika Kithai. Kwa upande mwingine, maneno ya Kithai yanayoanza kwa ng', kama lile la kazi na lile la nyoka, ambayo huwatesa wageni wengi, hayawezi kumtaabisha mtu anayesema ng'ombe na ng'ambo tangu utotoni. Vitabu na tovuti hizo hazikutungwa kwa masikio yetu, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuziruka zile herufi za Kilatini na kwenda kwenye hati.

Niingie sasa kwenye toni, ambazo ndizo zinazowavunja watu moyo. Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda, na kila silabi hubeba mojawapo. Kiswahili hakina toni za aina hiyo. Tuna mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo tunauhamishia kwenye maneno yao. (Wenzetu wanaozungumza Kigiriama au Kidigo nyumbani, ambazo ni lugha zenye toni, pengine wataona wepesi zaidi, ingawa toni za huku hufanya kazi kwa namna nyingine.) Nitoe mfano wa neno ninalolitumia kila ninapoagiza mzigo, yaani shati au blauzi. Herufi zenyewe sitaziandika hapa, nisije nikawatesa wachapaji wako. Ukilitafuta neno hilo katika kamusi nzuri utaona konsonanti ya s, irabu iliyoizunguka s hiyo mbele, juu na nyuma yake, na juu kabisa kialama kidogo kiitwacho mai tho. Kialama hicho, kikikaa juu ya s ya aina hii, huiambia sauti ianze juu na kushuka. Kiondoe, usibadilishe kitu kingine chochote, na neno linakuwa chui milia, kwa sauti inayopanda. Weka alama nyingine, mai ek, na sasa ni mkeka, kwa sauti ya chini. Anayesoma kwa herufi za Kilatini atayaona yote matatu yameandikwa suea, na hatajua ni lipi lililomtoka kinywani mpaka auone uso wa muuzaji.

Sasa litazame neno la kununua. Nalo linaanza kwa s, nalo lina mai tho ile ile, lakini sauti yake haishuki, iko juu. Sababu ni kwamba katika maandishi ya Kithai kuna s zaidi ya moja, na konsonanti zote zimegawanywa katika matabaka matatu, la juu, la kati na la chini. S ya shati ni ya tabaka la juu, s ya kununua ni ya tabaka la chini, na alama moja huzaa toni tofauti kulingana na tabaka la herufi iliyoibeba. Mtu anaweza kudhani huu ni ukaidi wa wasomi wa kale, kumbe ni historia ya matamshi iliyobaki kwenye maandishi. Herufi nyingi za tabaka la chini zamani ziliwakilisha sauti ghuna, yaani zinazotetemesha koo, na s ya kununua ilikuwa z. Tofauti hiyo ikafifia mdomoni, toni zikaibeba kazi yake, na tahajia ikabaki ilivyokuwa. Kanuni za tabaka, alama, urefu wa irabu na namna silabi inavyoishia zinaenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Aliyezijua anaweza kulitazama neno ambalo hajawahi kulisikia na akalipa toni yake, kisha akabonyeza kitufe cha sauti kuhakikisha, na hapo ndipo kamusi inapokuwa mwalimu kweli kweli.

Urefu wa irabu hautatusumbua sana. Aliyesoma chuo cha Qurani utotoni anaijua madda, na anajua kwamba kuivuta irabu mahali pasipo pake, au kuikata panapotakiwa kuvutwa, ni kosa linaloweza kubadili maana. Sikio hilo hilo litamtofautishia neno la kuingia, lenye irabu fupi, na neno la wali, lenye irabu ndefu, ingawa yote mawili yana toni ya kushuka. Na namna alivyofundishwa huko chuoni ndiyo ninayoipendekeza mbele ya simu: kusikiliza, kurudia, kusahihishwa. Kwa kuwa hapa hakuna ustadhi wa kumrudisha nyuma, ajirekodi mwenyewe, kisha aisikilize sauti ya kamusi na yake zikifuatana. Hakuna anayependa kujisikia, lakini tofauti ya toni ambayo mtu haioni anapotamka huiona mara moja anapojisikiliza.

Si kila sauti ya mtandaoni ina thamani sawa. Zipo kamusi zenye sauti ya mtu aliyerekodiwa na zipo zenye sauti ya mashine, na mimi nikiweza kuchagua huchagua ya mtu. Tovuti ya Forvo, ambayo wenye lugha hurekodi maneno kwa sauti zao wenyewe, inafaa kwa sababu mara nyingi neno moja limetamkwa na watu kadhaa, na msikilizaji anaanza kutambua lipi ni la neno na lipi ni la koo la msemaji. La kusikiliza kwa makini zaidi ni mwisho wa silabi. Mthai humalizia kwa p, t au k bila kuiachia pumzi. Midomo au ulimi hufunga na sauti hukatika hapo hapo. Sisi, ambao karibu kila neno letu huishia kwa irabu, hatuwezi kuliacha hivyo. Katika kuhesabu moja hadi kumi, 6, 7, 8 na 10 zote huishia kwa konsonanti za namna hiyo, na nimewasikia wenzangu wakisema hoku, cheti, paeti na sipu, wakashangaa kwamba hawaeleweki hata katika bei.

Tena kuna umbali kati ya kamusi na soko. Kamusi itakuambia kwamba neno la heshima ambalo mwanamume humalizia sentensi yake ni khrap. Sokoni utasikia khap. R katika mazungumzo ya kawaida aghalabu hugeuka l, na ikifuata konsonanti nyingine humezwa kabisa. Neno la kuulizia swali la ndiyo au la limeandikwa kwa toni ya kupanda, lakini watu hulitamka kwa toni ya juu. Sisi wanawake humalizia kwa kha, na ni lazima kujua kwamba katika kauli ya kawaida sauti yake hushuka, na katika swali huwa juu. Nimewasikia watu wakiilaumu kamusi kwa mambo haya. Kamusi haina kosa. Imeandika matamshi ya mtu anayesoma kwa utulivu, na matamshi hayo ndiyo ya kuanzia, kwa sababu aliyeyajua ataelewa anayemeza sauti, lakini aliyejifunza yale yaliyomezwa peke yake hatajua neno limeandikwaje.

Shida nyingine ya hati ni kwamba Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Nafasi huachwa mwishoni mwa kishazi au sentensi, kwa hiyo mgeni aliyetumiwa ujumbe na muuzaji hajui neno moja linaishia wapi ili alitafute. Kamusi kadhaa za mtandaoni zina uwezo wa kupokea sentensi nzima na kuikata vipande, kila kipande na maana yake, na huu ni msaada ambao kamusi ya karatasi haikuweza kuutoa. Hata hivyo anayekata ni kompyuta, na anaweza kukata pasipofaa. Upo mfano mashuhuri: herufi zile zile, zikikatwa ta klom, ni macho ya mviringo, na zikikatwa tak lom, ni kupunga upepo. Waliozoea kukaa ufukweni pale Mama Ngina jioni hawatapata taabu kuikariri hiyo maana ya pili. Ninachosisitiza ni kwamba asiyejua hati hana njia ya kuona kwamba kompyuta imekosea.

Kuhusu kamusi gani itumike, maoni yangu ni mafupi. Kamusi rasmi ya Taasisi ya Kifalme ya Thailand, toleo la 2011, ambalo wenyewe huliita la mwaka 2554 kwa kuwa kalenda yao ya Kibudha imeitangulia yetu kwa miaka 543, ipo mtandaoni bila malipo, lakini ni Kithai kwa Kithai na haimfai anayeanza. Longdo hukusanya kamusi kadhaa mahali pamoja na ni nzuri kwa maneno ya kisasa. Kamusi ya wanafunzi ya mwanaisimu wa Marekani Mary Haas, iliyochapishwa 1964, inapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya SEAlang. Umri wake ni mkubwa na maneno ya simu na intaneti hayamo, lakini matamshi yake yameandikwa pamoja na toni, na majina yake huonyesha neno la kuhesabia.

Hilo la neno la kuhesabia lisipuuzwe na mfanyabiashara. Mthai hasemi mashati matatu hivi hivi. Husema shati, tatu, kisha tua, na tua hiyo hiyo hutumika kwa wanyama, suruali, meza na viti, wakati watu wana neno lao na magari yana lao. Mtu aliyekulia katika lugha yenye ngeli hatashangaa kwamba vitu vimepangwa kwa makundi. Kamusi isiyoonyesha neno la kuhesabia, kwangu mimi, ni nusu kamusi.

Kinachobaki ni lalamiko langu kubwa zaidi. Kamusi zote nilizozitaja ambazo si za Kithai kitupu zinapitia Kiingereza, na njia hiyo ina hasara ambazo hazikuwa za lazima. Ukitafuta 100,000 unapewa maelezo ya maneno mawili ya Kiingereza, wakati Kithai kina neno moja, saen, na sisi tuna laki. Ukitafuta majina ya jamaa ni vivyo hivyo. Kithai kina neno moja la mdogo wake mama, awe mwanamume au mwanamke, na jingine la mdogo wake baba. Kaka mkubwa wa baba au wa mama ana neno lake, na dada mkubwa pia. Kiingereza hulitupa hilo lote katika maneno mawili. Sisi, tunaotofautisha ami na mjomba, shangazi na khale, tungeelezwa kwa Kiswahili tungeelewa mara moja. Tukipitishwa kwa Kiingereza tunafika mikono mitupu. Na hili si jambo la pambo, kwa sababu huko, kama hapa, mtu usiyemjua humwita kwa jina la undugu kulingana na umri wake, na muuzaji anayeitwa phi, yaani mkubwa wangu, hukusikiliza kwa uso mwingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji ambao tayari wanajua Kithai kidogo, na najua wapo kuanzia Mji wa Kale hadi Nyali, ni kwamba tuyaandike maneno tunayoyatumia kwa hati yake, toni yake, neno lake la kuhesabia na maana yake ya Kiswahili, na tuyaweke katika Wikamusi, kamusi huria ya mtandaoni ya Kiswahili ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Nguo, vipimo, rangi, hesabu na majina ya jamaa yangetosha kwa kuanzia. Maktaba ya umma ya Mombasa ingefaa kuwa mahali pa kukutania kwa wasio na intaneti ya uhakika nyumbani, na gazeti lako, Mhariri, likipenda, lingeweza kututangazia siku.

Anayetaka kuanza kabla ya hapo aongeze kibodi ya Kithai katika simu yake. Simu nyingi za siku hizi huja nayo. Iko kwenye mipangilio, upande wa lugha, na hailipiwi.

Wako,
Msomaji na mwenye duka,
Biashara Street, Mombasa